Wazazi, tumekubaliana? Ndiyoooo!

Kama una mtoto shule ya msingi ya serikali hapa Dar hiyo "ndiyoooo" unaijua vizuri, mwenyekiti wa kamati anauliza "wazazi tumekubaliana?" watu wanaitikia huku wameshasimama wanakung'uta madera, mwalimu anaandika kwenye muhtasari kwamba wazazi wameridhia kwa pamoja, imeisha hiyo. Mi nasema ile ndo kura yetu ya bajeti ya shule. Hatuna nyingine. Na tunaipiga kama watu wanaowahi daladala ya mwisho ya Mbagala.

Hii mada imenikaa kichwani tangu dada yangu (mtoto wa mama mkubwa, yuko Marekani jimbo la New York, siyo New York ile ya maghorofa, yeye yuko huko juu kwenye barafu) alivyonitumia voisi ndefu analalamika kodi ya nyumba (siyo ya pango, ile ya jengo ambayo huko ndo inachangia kuendesha shule). "Mdogo wangu, huku hela ya shule tunaipigia kura, wiki ijayo natakiwa niende." Nkajua ananitania. Nkampigia. Kumbe kweli.

Iko hivi. Huko jimboni kwao shule za serikali zimegawanywa kwenye maeneo yenye mipaka yao, usifikirie wilaya kama Temeke, maana unaweza kukuta eneo dogo tu lenye shule chache, lina bodi yake iliyochaguliwa na watu. Bodi inaandaa bajeti ya mwaka mzima, mishahara ya walimu humo humo, mabasi, michezo, kupasha madarasa joto, afu Jumanne ya 3 ya mwezi Mei wananchi wanaenda kupiga kura ya siri, ndiyo au hapana. Awe raia, awe na miaka 18, awe ameishi pale siku 30. Siyo lazima uwe na mtoto shuleni wala siyo lazima uwe na nyumba, mpangaji anapiga, bibi kizee ambaye wajukuu wake wako jimbo jingine anapiga. Kabla ya siku yenyewe wanaletewa karatasi nyumbani kwa posta, imeandikwa matumizi ya mwaka jana ni haya, mwaka huu tunaomba haya, kodi itapanda kwa kiasi hiki. Yaani mtu anaingia kwenye chumba cha kura anajua mfukoni itamkata vipi.

Na bodi haiwezi kujipandishia tu. Kuna sheria ya mwaka 2011 iliyowawekea dari, kwa kifupi kodi wanayokusanya isipande zaidi ya asilimia 2 au mfumuko wa bei, kile kidogo kati ya hivyo viwili, kuna marekebisho kidogo kidogo ya kimahesabu ila ndo wazo lake. Wakitaka kuvuka hapo haitoshi kushinda kwa nusu na kitu, wanahitaji asilimia 60 ya kura. Bajeti ikikataliwa wanaweza kuirudisha tena mara moja mwezi Juni, ikikataliwa tena basi wanaenda na bajeti ya kubana mkanda na kodi haiongezeki hata senti juu ya ya mwaka uliopita. Kilichonichekesha ni kwamba watu wa Jiji la New York lenyewe hii kura hawana, miji mikubwa mitano ya jimbo shule zake zinapata hela kupitia bajeti ya mji, kwa hiyo hata huko wa mjini wamo kwenye kundi letu la kuambiwa imeshapita.

Sasa usinielewe vibaya, sijaandika hii kusema wenzetu wamefika na sisi bado. Maana huo mfumo wao una shida zake, hela ikitegemea kodi ya nyumba maana yake penye nyumba za bei pana shule ya bei, ruzuku ya jimbo inakuja kuziba ila haizibi yote. Na kura yenyewe inaweza kugeuka panga.

Kuna kamji kanaitwa Croydon, jimbo la New Hampshire, watu kama 800 tu, mtaa mmoja wa Buza unawameza wote. Wao hawana hata kura ya siri ya kwenda kutumbukiza, wanakutana kikao cha mwaka ukumbini wanajadili wanapiga kura pale pale, yaani kikao cha wazazi kasoro wao kina meno. Machi 2022 bajeti ya shule iliyoletwa ilikuwa dola milioni 1.7. Siku hiyo theluji imemwagika, watu wengi wamebaki majumbani, si kila mwaka inapita tu. Mjumbe mmoja wa uongozi wa mji akasimama akasema mbona hela nyingi hivi, hebu tuweke dola 10,000 kwa kila mtoto, jumla dola 800,000, inatosha. Wakapiga kura. Waliokubali 20, waliokataa 14. Bajeti ya shule imekatwa zaidi ya nusu, na watu 34.

Kesho yake sasa. Kila mtu anauliza nani kapitisha hii. (Hilo swali tunalijua sisi.) Wazazi wakaingia kwenye sheria wakakuta wanaweza kuomba kikao maalumu, ila sharti lake ni gumu, lazima angalau nusu ya wapiga kura wote walioandikishwa watokee, wasipotimia kikao hakina nguvu. Kwa hiyo we ukiwa upande wa kukata, mbinu yako ni rahisi kabisa, unabaki nyumbani unaangalia mpira. Waliotaka bajeti irudi wakapita nyumba kwa nyumba, wakapiga simu, wakabandika mabango. Mei 7 watu wakajaa, wakapiga, 377 kwa 2. Bajeti ikarudi milioni 1.7 yake.

Mi sijali sana nani alikuwa sahihi kuhusu hela, labda kweli shule ilikuwa inatumia vibaya, sijui mambo yao ya ndani. Kinachonikereketa ni 34 na 379. Mji ni ule ule na shule ni ile ile, na hakuna aliyebadilishwa mawazo na hotuba, ni kwamba mara ya kwanza watu hawakwenda.

Turudi nyumbani. Dola 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, ambayo kule ndo ilionekana imekatwa mpaka mfupa, kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi milioni 20. Na sisi tuna elfu 10 yetu pia! Ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na kati ya hiyo 6,000 ndo inakuja shuleni, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Sekondari ni 25,000. Mishahara ya walimu haimo humo, hiyo serikali kuu inalipa, kwa hiyo kulinganisha moja kwa moja siyo haki, najua, msije kunirukia. Lakini 6,000 gawanya kwa miezi 12 unapata mia tano. Mia tano kwa mtoto kwa mwezi, humo humo chaki, karatasi, mitihani, michezo, kitasa cha mlango kilichong'oka, dawa ya choo. Tangu Januari 2016 ada ya sekondari na michango ya lazima shuleni iliondolewa, na lilikuwa jambo kubwa jamani, madarasa ya kwanza yalifurika mpaka watoto wakakaa chini, mimi sitaki turudi nyuma hata kidogo. Ila mia tano ni mia tano.

Na hiyo mia tano nani anaipigia kura? Kwa makaratasi, shule inaandaa mpango wake, kamati ya shule inapitisha, unaenda kata, unaenda halmashauri, madiwani wanakaa, unapanda mkoani na TAMISEMI mpaka Dodoma, Bunge linapitisha kabla ya Julai 1. Ila ukomo wa bajeti unakuwa umeshashuka kutoka juu, kwa hiyo huku chini mnapanga ndani ya boksi ambalo ukubwa wake hamkuulizwa. Hata kodi ya jengo, sa hivi tunakatwa kwenye LUKU, ilianza 2021 kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida afu 2023 ikawa 1,500, na anayekatwa mara nyingi ni mpangaji ndo ananunua umeme, mwenye nyumba hana habari. Kule kwa dada yangu kodi ya nyumba na choo cha shule viko kwenye karatasi moja. Kwetu hela inaingia kwenye chungu kikubwa, ikitoka huwezi kujua ile yako iliishia kwenye nini.

Kinachobaki mikononi mwetu ni michango. Uji, mlinzi, mitihani ya majaribio ya darasa la nne na la saba, posho ya walimu wa kujitolea. Mwaka 2018 mwezi wa kwanza Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, walimu wakaambiwa wasiguse hela ya mzazi, watu tukashangilia, afu ikarudi kwa jina la makubaliano ya wazazi. Na kweli ni makubaliano. Yanafanyika wapi? Kwenye ile "ndiyoooo".

Kikao chetu kilichopita tulikaa darasa la tatu, madawati ya watoto magoti yanagonga kidevu, ubaoni bado kuna hesabu za kutoa kwa kukopa. Ajenda ya kwanza taaluma, ya pili nidhamu na nywele, ya tatu chakula, ya nne mengineyo. Hela zote ziko kwenye mengineyo, hapo ni saa sita jua kali na nusu ya watu wameshaondoka. Mwenyekiti anasema mlinzi anadai miezi miwili, tunaomba wazazi tuongeze kidogo kwa kila mtoto, tumekubaliana? Watu wakaanza ndiyoo ile ya kuinuka.

Mama mmoja anauza vitumbua pale karibu na geti akanyoosha mkono, hakusimama hata, akauliza "samahani mwalimu, mlinzi tunamlipa shilingi ngapi kwa mwezi, na tunaochanga ni wangapi?"

Kimyaaa. Mwalimu mkuu, na hapa nampa maua yake, hakukasirika, akatuma mtoto ofisini akaletewa kaunta buku akaanza kusoma mwezi kwa mwezi. Ikaonekana kiwango cha zamani kingetosha kabisa na chenji ikabaki, shida ni kwamba wanaolipa hawafiki nusu. Baba mmoja kavaa jezi ya Simba akasema wasiolipa wabandikwe majina getini. Zogo likaanza. Mama mwingine akasema mimi nina watatu humu ndani, kila mtoto mnanihesabia mlinzi wake, kwani mlinzi ananilinda mara tatu? Hapo hata waliokuwa mlangoni wakarudi. Ukapatikana mjadala wa kweli kabisa, tuchange kwa mtoto au kwa familia, mwenye mtoto mmoja anaona atambeba mwenye wanne, mwenye wanne anaona mtaa ni mmoja na mwizi ni mmoja. Tukapiga kura ya mikono, mwalimu ikabidi ahesabu upya maana kuna watu walikuwa wananyoosha kote kote. Familia ikashinda. Kiwango hakikuongezwa. Kubandika majina kukakataliwa.

Jioni kwenye grupu la WhatsApp la wazazi ndo utamu. Watu ambao hatujawahi kuwaona kikaoni, "nani kapitisha hii", "mbona hatukushirikishwa", mmoja ana mtoto mmoja kaandika aya tatu kwa herufi kubwa. Nikataka kumtumia ile hadithi ya Croydon nikaona nitajibiwa tupo Tanzania hatupo Marekani, nikaacha.

Na wababa mko wapi? Kikaoni mlikuwa wa kuhesabu kwa vidole, ila kwenye grupu mnaongoza.

Mi ninachotaka ni kidogo tu wala hakihitaji waraka kutoka Dodoma. Ile kaunta buku isisubiri mama wa vitumbua. Wiki moja kabla ya kikao tupate karatasi moja, ruzuku iliyoingia ni hii, michango iliyoingia ni hii, imetumika hivi, tunaomba hivi kwa sababu hii. Picha ya simu inatosha. Afu hela iwe ajenda ya kwanza watu wakiwa bado na nguvu, nywele ndo ziende mengineyo. Ruzuku yenyewe mwalimu mkuu huwa anabandika kikaratasi mlangoni kwa ofisi yake, tatizo ni mzazi gani anafika mlangoni kwa ofisi bila kuitwa kwa kesi ya mtoto.

Nimemwandikia mwalimu mkuu hivyo hivyo kwa adabu zote, shikamoo mwalimu, naomba kama inawezekana kabla ya kikao cha Jumamosi. Mwanzo alijibu kwamba inabidi amuulize kwanza mratibu elimu kata. Jana nimemkumbusha. Hajajibu bado, ila kaisoma, tiki ziko mbili za bluu.