Bomba la shaba ubavuni mwa mkuku

Boti yangu inakwenda kwa mvuke, na hapa Mikindani wameshachoka kunicheka. Kilichonitoa jasho si boila, ni maji ya kuilisha. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Ukiyachemsha, chumvi inabaki ndani na kuganda kutani. Madumu ya maji ya kisima ya kutwa nzima nayo yangenijazia boti. Kwa hiyo mvuke ukishatoka kwenye injini naupitisha kwenye bomba lililolala nje, ubavuni mwa mkuku, ule uti wa mgongo wa boti chini kabisa. Bahari inaupoza, unakuwa maji, pampu inayavuta, yanarudi kazini.

Mwanzo nilitaka bomba la kawaida la maji, la chuma lililopakwa zinki. Bei ilinivuta. Mzee aliyenichongea boti akaligonga kwa kucha: "Mwanangu, hili litakuwa chujio." Nikahamia shaba, mita 6, kipenyo milimita 28. Nilishauriwa pia chuma cha pua, lakini shaba inakishinda zaidi ya mara 20 kwa kupitisha joto, na maji yetu huku ni vuguvugu.

Shaba nayo ina ugomvi wake. Ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na boti yangu imejaa misumari. Nikaliweka bomba juu ya vibao, nikalifunga kwa skrubu za shaba njano.

Nikakosea kwenye pimamaji. Boti ikiwa mchangani, imeegemezwa magogo, nililaza bomba literemke taratibu kutoka omo, yaani mbele, hadi kwenye pampu, shetri, yaani nyuma. Povu la pimamaji likanifurahisha. Bamvua, yale maji makubwa ya kujaa, ilipoinyanyua boti, boila na kuni zikaikandamiza omo na mteremko ukageuka. Maji yakajikusanya mbele. Pampu ikawa inameza hewa, kisha funda la maji, kisha hewa tena. Injini ikagoma kama punda. Nikahamishia kuni nyuma, mwenyewe nikakaa shetri, ikapata nafuu kidogo.

Kabla ya kuipandisha tena nilichora mstari wa maji ubavuni, boti ikielea na mzigo wake wote. Nikangoja bamvua nyingine, kama siku 15, nikapima kwa mstari ule badala ya mchanga, nikatia kabari upande wa shetri. Bomba likashuka vidole vitatu. Tangu hapo pampu haikohoi.

Limebaki suala la mafuta ya silinda yanayokuja na maji. Nayachuja kwa taulo kuukuu, ambalo mke wangu bado analitafuta.