Yaandikwe kwenye muhtasari

Mimi ni katibu wa kikundi cha vikoba, cha kuweka akiba na kukopeshana, na kikao chetu hakianzi bila daftari. Aliyechelewa anaandikwa. Simu ikiita, inaandikwa. Ukimkatiza mwenzako akiongea unaandikwa pamoja na faini yako, hata ukiwa mke wa nani. Kazi hiyo imenijengea tabia: nikienda mkutano wa mtaa wetu hapa Moshi, wengine wanaangalia meza kuu, mimi naangalia mtendaji anaandika nini.

Masika iliyopita, mvua zikiwa zimepamba moto, diwani alikuja mkutanoni. Alieleza miradi ya kata, akapigiwa makofi. Kipindi cha maswali akasimama mama mmoja mtu mzima, nyumba yake iko chini ya mteremko, mtaro umeziba na maji yanaingia mpaka chumbani. Akasema kwa adabu zote: "Mheshimiwa diwani, mwaka jana ulituambia mtaro wetu umeingia kwenye bajeti. Tunaomba kujua umefikia wapi." Basi. Hakutaja chama, hakupaza sauti.

Akajibiwa: "Wewe mama, umetumwa na nani? Kaa chini."

Vijana waliokuja na diwani wakacheka. Mama akakaa, akaivuta khanga yake begani na kuishikilia hapo. Mwenyekiti wa mtaa akasema tuendelee, tukaendelea.

Hilo swali la umetumwa na nani linaniuma kuliko tusi lenyewe, kwa sababu halimgusi mama peke yake. Mtu aliyekuja na shida ya nyumbani kwake anageuzwa kibaraka wa adui asiyejulikana, na kila aliyekuwa amejiandaa kuuliza anarudisha mkono chini. Niliiona mikono ikishuka. Baada ya pale yaliulizwa mambo ya gari la taka, mkutano ukafungwa kwa sala. Mtaa mzima ulinyamazishwa na mtu tuliyempa kura ili akatusemee.

Wapo waliomtetea. Walisema mitaro ya barabara iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, diwani anaonewa tu. Ni kweli barabara za mitaa zilihamia huko. Lakini si angesema hivyo? "Mama, nimewafuata TARURA, wamenijibu hivi na hivi." Ingemchukua nusu dakika. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndiye anayekaa kwenye baraza la madiwani. Asipofuatilia yeye, yule mama ambaye godoro lake limelowa amfuate nani?

Siku chache baadaye nilikwenda ofisini kwa mtendaji kuomba kusoma muhtasari. Akanitolea kaunta buku lenye jalada gumu, pembe zimekunjika. Nikafika kwenye kipengele cha maswali. Kilikuwa mstari mmoja: "Wananchi waliuliza maswali na Mhe. Diwani aliyatolea ufafanuzi." Hakuna mtaro. Hakuna mama. Mtendaji wetu ni kijana mwenye heshima, kazi zimemzidi, akaniambia, "Dada, huwa tunaandika maazimio tu."

Wenzangu, hapa ndipo tunapopigwa. Kesho diwani akisema mtaa huu haujawahi kuulizia mtaro, karatasi inamuunga mkono. Akisema hajawahi kumvunjia mwananchi heshima, karatasi hiyohiyo inamuunga mkono. Sisi tutakuwa na hadithi za kijiweni, yeye ana muhtasari wenye muhuri.

Mkutano ukishafunguliwa, muhtasari uliopita unasomwa na kuthibitishwa, halafu yanafuata yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka mkutano uliopita. Wengi wetu huwa bado hatujafika wakati huo, au tunasalimiana na majirani. Mkutano uliofuata nilikwenda mapema, nikakaa mbele. Muhtasari uliposomwa nikaomba marekebisho: swali la mtaro liandikwe kama lilivyoulizwa, na jibu liandikwe kama lilivyotolewa. Pakawa na kelele kidogo. Mzee mmoja akasema hilo la kaa chini tuliache, ni aibu kwa mtaa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Aibu ile haikuwa ya kwetu." Akina mama wa nyuma wakaitikia. Mwenyekiti akahoji mkutano, ikapita, na kijana akaandika palepale: "Diwani alimuuliza muuliza swali ametumwa na nani, akamtaka akae chini. Swali halikujibiwa."

Kwa kuwa halikujibiwa, limeingia kwenye yatokanayo, na litasomwa kila mkutano mpaka lipate jibu.

Sheria zetu hazitupi nafasi ya kumwondoa diwani kwa kura kabla ya miaka 5 kwisha. Ndiyo maana naking'ang'ania hiki kidogo tulicho nacho. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inawagusa madiwani pia, na inamtaka kiongozi awe mkweli, mwenye huruma na kiasi. Sekretarieti ya Maadili inapokea malalamiko ya wananchi, na ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, kilometa 80 hivi kutoka hapa. Ukinyimwa muhtasari, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: andika barua, wana siku 30 za kukujibu. Hata baraza la madiwani lenyewe, mwananchi unaruhusiwa kuingia na kukaa kusikiliza, na diwani anayejua watu wa kata yake wamekaa pale nyuma huwa anachagua maneno. Lakini kote huko ukienda na "alitudharau" tu, utasikilizwa na kurudishwa. Nenda na tarehe, maneno yenyewe, majina ya waliosikia, na nakala ya ukurasa uliothibitishwa.

Diwani alipopata habari alituma ujumbe kwamba mimi ni mpinzani. Sijamjibu hilo. Tumemwandikia barua, akina mama wengi tumeweka saini, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Tunaomba mambo mawili: jibu la mtaro, na amwombe radhi yule mama mkutanoni, mbele ya watu walewale. Akatuma mtu kusema yuko tayari kupita nyumbani kwa mama jioni, wayamalize kifamilia.

Mama amekataa. Amesema nyumbani kwake hakuna ugomvi wa kumaliza. Tunasubiri mkutano ujao wa mtaa, na ukipita bila jibu, faili linaenda Arusha.