Risasi inapogoma kushuka: uzoefu wangu na gobore la mifereji

Risasi ikigoma kushuka kwenye gobore, bunduki inayopakiwa kwa mdomoni, mkono hutaka kuongeza nguvu. Mimi hufanya kinyume: nasimamisha mdeki, ile fimbo ya kushindilia, na kujiuliza risasi imegomea wapi. Imekataa kuingia mdomoni? Imebana njia nzima? Au imeteremka vizuri kisha ikakwama vidole vinne kabla ya kukalia baruti? Kila mahali pana sababu yake, na dawa ya pale haitibu hapa. Nguvu haitibu popote. Risasi ni laini, kwa hiyo kila ukiigonga kichwani inabonyea na kutanuka ubavuni, inakuwa nene kuliko ilivyoingia na inazidi kubana.

Vipimo nitakavyotaja ni vya kaliba .50, yaani tundu la mtutu lenye upana wa nusu inchi. Kwa kaliba nyingine namba zitabadilika, lakini hesabu ni ileile.

Nikianza na gololi, yaani risasi ya duara, inayovikwa kitambaa: kutoka tuta hadi tuta ndani ya mtutu (matuta ni sehemu zilizoinuka kati ya mifereji) ni 12.7 mm. Gololi inayotumika sana ni ya .490, yaani 12.45 mm. Ukiivika kitambaa cha unene wa 0.38 mm, kitambaa kinaongeza pande zote mbili, kwa hiyo unapata 13.21 mm. Unasukuma kitu cha 13.21 kwenye tundu la 12.7. Nusu milimita hiyo iliyozidi lazima ipate pa kwenda: nyingine inabanwa ndani ya nyuzi za kitambaa, nyingine inaingia kwenye mifereji, na inayobaki inachora alama kwenye risasi. Ukishuka hadi kitambaa cha 0.25 mm, jumla inakuwa 12.95, na ziada imepungua nusu nzima bila kugusa kitu kingine. Ndiyo maana risasi ikibana njia nzima kwenye mtutu msafi, kitu cha kwanza ninachobadilisha ni kitambaa. Gololi nabadilisha baadaye, na nabadilisha kimoja kimoja, la sivyo sitajua kipi kimesaidia.

Kitambaa kipimwe vizuri. Pamba hubonyea, kwa hiyo taya za kalipa, kifaa cha kupimia unene, nazibana kwa nguvu, tena kwa nguvu ileile kila mara. Kitambaa kipya nakifua kwanza kwa maji ya moto kuondoa wanga, nakianika, ndipo nakipima, kwa sababu pamba ikifuliwa husinyaa na unene hubadilika. Kiwe pamba tupu iliyofumwa kwa kubana. Chenye nyuzi za plastiki huyeyuka na kuacha utando ndani ya mtutu.

Kuna kosa ambalo kalipa pekee haliwezi kulionyesha: ugumu wa madini ya risasi yenyewe. Risasi safi ina ugumu wa takribani 5 kwa kipimo cha Brinell. Vyuma vya zamani vya kusawazishia magurudumu, ambavyo watu wengi huviyeyusha kwa kuwa vinapatikana kirahisi, vina antimoni, madini yanayoifanya risasi iwe ngumu, na hufika karibu 12. Risasi ngumu namna hiyo haikubali kuchorwa na matuta. Zaidi ya hapo, mchanganyiko wenye antimoni husinyaa kidogo kuliko risasi safi unapopoa, kwa hiyo kalibu ileile ya kumiminia risasi inatoa gololi nene kidogo na ngumu zaidi kwa pamoja. Kipimo changu cha haraka ni ukucha: risasi safi inakwaruzika kirahisi na kuacha mstari unaong'aa, ngumu haikwaruziki hivyo. Ukiwa na gololi za aina mbili kwenye mfuko mmoja, moja itashuka na nyingine itagoma, na utalaumu mtutu bure.

Ikiwa shida ni kuingia tu, na baada ya hapo risasi inateremka kama kawaida, angalia ukingo wa mdomo wa mtutu. Mitutu mingi mipya hukatwa na kuachwa na ncha kali pale matuta yanapoanzia. Ncha hiyo hukata kitambaa badala ya kukikunja kiingie kwenye mifereji. Mimi huziba mtutu ndani kwa pamba ili unga usishuke, kisha nachukua kipande cha msasa wa maji namba 400, nakiweka mdomoni, nakibonyeza kwa dole gumba na kukizungusha huku nikiugeuza mtutu kila baada ya mizunguko michache ili ukingo usiliwe upande mmoja. Namalizia na namba 600. Sitafuti kutanua mdomo. Natafuta ncha ile iwe mviringo laini ambao kidole hakiuhisi kama makali. Ushahidi wa mafanikio uko chini, mbele ya bunduki: okota vitambaa vilivyofyatuliwa. Kikiwa na mikato iliyojipanga kwa duara, kinakatwa na mdomo au na matuta. Kikiwa kimeungua katikati au kimechanika kabisa, ni chembamba mno au hakina mafuta ya kutosha. Kizima, chenye weusi pale gololi ilipokalia, ndicho unachokitaka.

Mtutu mpya wenye matuta makali njia nzima nausugua kwa kipande cha sponji ngumu ya kijani ya kusugulia vyombo, nikikizungushia kwenye kichwa cha kusafishia (ncha ya mdeki inayobeba kitambaa) na kukitia mafuta. Mara 50 kwenda na kurudi zinatosha kwa kuanzia, kisha nausafisha kabisa na kujaribu tena.

Sasa masizi, ambayo kwangu ndiyo chanzo cha malalamiko mengi kuliko vyote vilivyotangulia. Risasi ya kwanza inashuka vizuri, ya pili inasuasua, ya tatu haiendi. Hapo gololi na kitambaa havina kosa. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki kuwa chumvichumvi na masizi, na sehemu yake inaganda ukutani mwa mtutu. Hewa ikiwa kavu yanaganda kama ukoko wa sufuria. Hewa yenye unyevu huyalainisha. Baadhi ya baruti mbadala zina tabia yake: zinajenga pete ngumu juu kidogo ya pale baruti inapokaa. Risasi ikiteremka kwa raha kisha ikagonga kitu karibu na mwisho, ni pete hiyo. Hatari yake ni kwamba unaweza kudhani umefika chini, kumbe risasi imesimama juu ya baruti kukiwa na uwazi katikati. Ukifyatua namna hiyo, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka.

Kwa hiyo mdeki wangu una alama mbili: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu uliopakiwa kwa kipimo changu cha kawaida. Alama ya pili isipofika sawa na mdomo, sifyatui.

Ninavyofuta kati ya risasi na risasi: kitambaa kimoja kimelowekwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha kimekamuliwa mpaka hakidondoshi. Nakishusha taratibu, nakipa nafasi kidogo kulainisha, nakivuta. Nakigeuza upande wa pili, narudia. Kisha kimoja kikavu. Hiyo pia inazima kaa lolote lililobaki kabla sijamimina baruti nyingine, na baruti naimimina kutoka kwenye kipimo, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye chombo chake.

Watu wawili wanaweza kufuta vilevile, mmoja akafanikiwa na mwingine bunduki yake ikagoma kuwaka. Tofauti huwa kwenye kichwa cha kusafishia. Kikiwa kinene, kitambaa hakitelezi juu ya masizi. Kinayasukuma yote hadi chini na kuyashindilia kwenye njia ya moto, yaani tundu dogo linalopitisha moto wa fataki hadi kwenye baruti. Natumia kichwa chembamba kidogo, ambacho kinashuka kwa ulaini na kitambaa chake kinajikusanya na kubana wakati wa kuvuta, ili masizi yapande juu badala ya kushuka. Kitambaa chenye maji mengi nacho hupeleka tope kwenye njia hiyohiyo. Nikiwa na shaka, kabla ya kutia baruti nalipua fataki tupu mdomo ukielekea jani lililo chini mahali salama. Jani likitikisika, njia iko wazi.

Mafuta ya kitambaa nayo yana mchango. Nachanganya sehemu 1 ya nta ya nyuki na 2 za shahamu ya ng'ombe au kondoo, na joto likizidi naongeza nta. Mafuta ya mashine siyatumii na baruti nyeusi, kwa kuwa yakiungua nayo huacha utando kama lami. Hata yale ya kuzuia kutu yanayoachwa ndani ya mtutu yafutwe yote kabla ya risasi ya kwanza.

Risasi ndefu zina kanuni tofauti. Ile yenye tako lenye shimo, ambayo Mfaransa Minié aliijulisha ulimwengu mwaka 1849, haitakiwi kubana hata kidogo: iwe nyembamba kuliko tundu kwa takribani 0.03 hadi 0.08 mm, na gesi ndiyo inayolitanua tako lake likashika mifereji. Ikibana, ama tako limepondeka mfukoni, ama inahitaji kupitishwa kwenye pete ya kusawazisha. Waingereza waliliona hili kwa bunduki yao ya Enfield ya .577: risasi ya .568 iliwasumbua kupakia, wakaishusha hadi .55. Miaka ya nyuma zaidi, kwa bunduki ya Baker, askari waliwahi kupewa nyundo za mbao za kugongea gololi, na nyundo hizo ziliachwa. Risasi ndefu ngumu isiyo na shimo, yenye pete za ubavuni, inabana kwenye pete ya juu tu. Inahitaji msukumo mmoja thabiti mdomoni, iingie ikiwa imenyooka. Ikiingia imepinda itabana hadi chini na haitalenga. Vikombe vya plastiki, vile vinavyovishwa risasi nyembamba kuliko tundu, hukakamaa kwenye baridi na kulainika mtutu ukiwa moto, basi ukiona vinabadilika kadiri unavyofyatua, acha mtutu upoe na ufute mabaki ya plastiki.

Kushindilia kwenyewe: kisukumio kifupi mdomoni, kwanza kwa kile kijiti cha sentimita moja, kisha kwa kile kirefu cha sentimita 12 hadi 15. Baada ya hapo mdeki, nikiushika sentimita 15 hadi 20 tu juu ya mdomo, nasukuma vipande vifupivifupi. Ukiushika juu kabisa na kuegemea, mdeki wa mti unapinda, unavunjika kimshazari, na kile kisu cha mti kinaingia kiganjani. Uso na kifua vikae pembeni ya mdomo muda wote, na fataki haiwekwi mpaka risasi iwe imekaa chini.

Ikikwama katikati na baruti iko chini, hairuhusiwi kuifyatua ili itoke. Kwanza fataki inatolewa. Naondoa chuchu ya fataki, kile kijibomba ambacho fataki hukalia, na kupenyeza maji kwa bomba la sindano kupitia tundu lake mpaka baruti ilowe, kwa sababu maji ya mdomoni hayatapita risasi. Kama mtutu wako unafunguka nyuma, toa baruti huko na uisukume risasi kwa mdeki. Kama haufunguki, tumia skrubu ya kuvutia kwenye mdeki wa chuma wenye mkono, ikiwa na kola ya shaba ya kuiweka katikati ili isikwaruze matuta. Izungushe taratibu hadi ishike, halafu vuta moja kwa moja bila kuyumbisha. Mdeki wa mti wenye ncha iliyogundishwa tu utaacha skrubu ndani na utakuwa na matatizo mawili. Gesi ya CO2 ya kusukumia risasi kupitia tundu la chuchu nayo inafanya kazi, mradi mdomo uelekee mahali salama, kwa kuwa risasi hutoka kwa kasi.

Ikishatoka, nasafisha, nakausha, kisha napitisha kitambaa kinachobana kutoka mdomoni hadi chini, polepole, nikisikiliza mkono. Kikilegea ghafla mahali pamoja kisha kikabana tena, pale mtutu umevimba, na haupakiwi tena mpaka fundi wa bunduki auone.