Siku moja Mkomani: mafini, maji kujaa na jiko la juu

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri

Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, huhitaji kengele ya simu. Misikiti hupokezana adhana, mmoja ukimaliza wa mtaa wa pili unaanza, mpaka usingizi wenyewe usalimu amri. Mume wangu ameshatoka kwenda kuswali. Nami nikishaswali napanda ngazi kwenda jikoni, tochi ya simu mkononi, kwa sababu swichi ya ngazini bado sijaizoea iko upande gani.

Jiko liko juu kabisa ya nyumba. Ndiyo desturi ya nyumba za kale za Lamu: moshi na joto viende na upepo, vyumba vya chini vibaki baridi. Aliyelifikiria hilo alikuwa mwerevu, ila hakuwa yeye wa kupandisha mabunda ya unga na mtungi wa gesi.

Tumehamia hapa kutoka Mombasa, nyumba ya kupanga, baada ya mume kupata kazi upande wa bandari mpya, ile ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Kila asubuhi anavuka kwa boti hadi Mokowe. Mimi kazi yangu ni kuoka, na kazi hiyo ilihama pamoja na masufuria. Mteja wangu wa kwanza huku ni nyumba ya wageni iliyoko Shela, wanaotaka mafini, zile keki ndogo za vikombe, za moto kwa kifungua kinywa. Mkataba wetu ni wa maneno tu: zifike kabla ya saa mbili, la sivyo wageni watakula mkate wa dukani.

Saa kumi na moja na nusu

Vitu vingi bado vimo ndani ya maboksi. Vya kuokea nilivifungua kwanza, kabla ya mapazia, na mama mkwe alipopiga simu kuuliza kama nyumba imeshakaa sawa nilimwambia imekaa, maana oveni inawaka.

Nyumba hizi za mawe ya matumbawe na chokaa zina vyumba virefu vyembamba. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, na boriti ni za mikoko, ambayo haitoi mti mrefu wa kutosha kubeba dari zito namna hii. Kwa hiyo meza yangu kubwa ya Mombasa haikupata chumba. Imekaa uani, inaanikiwa nguo. Huku juu nafanyia kazi meza ndogo ambayo miguu yake minne nimeisimamisha ndani ya mikebe ya maji, chungu wasipande kwenye sukari. Mbinu hiyo si yangu, kila jiko la mtaa huu nililochungulia linayo.

Unga nao una habari yake. Hewa ya hapa ina unyevu na chumvi, na sasa ni majira ya kusi, hata sukari hushikana vibonge kwenye kopo. Unga wangu unakaa ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana, haulali kwenye zidaka za ukutani hata zikipendeza vipi. Na kwa sababu unga ulionyonya unyevu tayari una maji yake, napunguza maziwa kidogo kuliko nilivyozoea nyumbani kwetu.

Kwa trei moja ya mafini kumi na mbili vipimo vyangu ni hivi: unga wa ngano vikombe viwili, kama gramu 250, sukari gramu 150, bekin pauda vijiko viwili vya chai, magadi soda nusu kijiko, chumvi nusu kijiko, iliki ya kutwanga kiasi cha kunukia. Hivyo vyote ni vikavu, vinakaa bakuli moja. Bakuli la pili lina mayai mawili, ndizi mbili zilizoiva mpaka ganda likawa na madoa meusi, maziwa ya mgando nusu kikombe na mafuta ya kupikia theluthi ya kikombe.

Halafu unamimina la pili ndani ya la kwanza na hapo ndipo mikono inapotakiwa kuwa mivivu. Mafini haipigwi. Unga wa ngano ukikutana na maji na mwiko hutengeneza utando wa kunata. Huo mahamri yanautaka, ndiyo maana tunayakanda mpaka mabega yaume. Mafini haiutaki. Nakoroga mara chache tu, unga mkavu ukishapotea naacha, mabonge madogo yabaki yalivyo. Anayeendelea mpaka rojo lilainike atapata mafini ngumu, yenye vichwa vilivyochongoka na mashimo marefu ndani kama njia za mchwa.

Wala rojo halingoji. Magadi yakikutana na uchachu wa maziwa ya mgando yanatoa gesi papo hapo, na gesi hiyo ndiyo inayoinua. Bekin pauda ina subira zaidi, inafanya kazi ikiloa na inafanya tena ikipata joto, lakini sioni sababu ya kuijaribu subira yake. Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 200, kabla sijagusa mwiko. Siku ninazotumia tui la nazi badala ya maziwa ya mgando magadi nayaacha kabisa, maana tui halina uchachu. Ukiyatia yatabaki na ladha yake ya sabuni mdomoni.

Saa kumi na mbili na robo

Vikombe vya karatasi vimejazwa robo tatu, trei zimeingia. Mume amekunywa chai akiwa amesimama na ameondoka na ndizi zilizobaki, ambazo nilikuwa na mpango nazo.

Oveni hii ilipandishwa na mahamali wanne kwa kamba na dua, na tangu ifike imekuwa na kiburi. Nyuma inachoma kuliko mbele. Kwa hiyo dakika ya kumi na mbili, vichwa vikishashika, nageuza trei haraka na kufunga. Kabla ya hapo mlango haufunguliwi, hata paka akilia nini. (Paka wa Lamu wana masikio marefu na shingo ndefu na wanajua jiko jipya siku ya pili.) Kusi nayo hupenya kwa upande wa wazi wa jiko na kuutikisa moto. Jirani wa nyumba ya pili, bibi mmoja ambaye habari zake zinakuja, alinipa kipande cha tanga kuukuu la jahazi nikitundike. Kinaziba upepo kuliko pazia lolote nililoliona dukani.

Dakika kumi na nane, ishirini. Kijiti kikichomwa kikatoka kikavu, tayari. Nazitoa kwenye trei mara moja na kuziweka juu ya wavu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka: mafini ikifungwa bado moto inatoka jasho, na kwa unyevu huu wa pwani kichwa chake kinanata kabla hujafika mwisho wa mtaa. Nazipakia vuguvugu, kwenye kikapu cha ukindu kilichotandikwa kitambaa, si plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kwa mafini naona ni neema.

Saa moja na robo

Shela ni mwendo wa kama dakika arubaini kwa miguu kufuata ufuo, maji yakiwa yamepwa. Yakijaa njia inamezwa pahali pengine, ukatembee na kikapu kichwani na kanga magotini. Leo yanajaa karibu saa moja na nusu, kwa hiyo ni boti. Mombasa nilipanga siku yangu kwa foleni ya magari. Huku napanga kwa mwezi: kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini, na mteja hachelewi nayo.

Uchochoro wa kwenda jetini ni mwembamba, punda aliyebeba mawe ya kujengea akija unajibana kwenye daka la mtu na kumsalimia mwenye nyumba, apende asipende. Nimejuana na nusu ya mtaa kwa njia hiyo.

Nahodha ni kijana asiyependa maneno asubuhi. Alipokea kikapu kama anayepokea mtoto mchanga, akakiweka mahali pasipofika rasharasha. Mpishi wa nyumba ya wageni alifunua kitambaa, akanusa, akasema, "Dada, za leo hazina nazi." Nikamwambia za leo ni za ndizi, kama tulivyokubaliana. Akasema anajua, anasema tu.

Saa tatu

Sokoni, pembeni mwa Ngome. Ngome hiyo ilimalizika kujengwa mwaka 1821, ikaja ikawa jela, na sasa ni makumbusho. Mimi nimeingia kivulini mwake tu, sijapata nafasi ya kuingia ndani. Ndizi nachagua zile ambazo muuzaji anataka kuziondoa. Yeye anashangaa, mimi nafurahi, bei inatuangukia sote vizuri. Mayai ninayonunua yanaletwa kutoka bara, kwa hiyo siku boti zikichelewa hayapo, na nimejifunza kuweka trei moja ya akiba.

Saa tano hadi adhuhuri

Maboksi. Fundi wa bomba alisema atakuja. Maji ya mji huu yanatoka visima vya Shela, chini ya matuta ya mchanga, na yakifika kwetu yanajaza birika la chini. Bomba la kuyapandisha jikoni ndilo linalomngoja fundi. Kwa sasa napandisha ndoo. Kuosha trei za mafini kwa maji ya ndoo kunakufundisha kupaka mafuta vizuri.

Saa nane mchana

"Hodi!"

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Harufu yako inafika kwangu tangu alfajiri, nimekuja kuona sura yake."

Nilikuwa nimeweka sita pembeni. Alikaa, akavunja moja katikati, akaitazama ndani kabla ya kuitia mdomoni, kama anayekagua kitambaa cha kushona. Alitafuna taratibu. Nikasubiri.

"Tamu," akasema. "Lakini keki hii imeonewa. Imenyimwa mayai."

Nilicheka, yeye hakucheka. Kwake keki ni mkate wa mayai: mayai mengi na sukari yapigwe mpaka yaumuke yawe meupe na mazito, unga uingie polepole mwisho, iliki, zabibu juu. Hapo hakuna bekin pauda. Kinachoinua ni hewa iliyotiwa kwa mkono, na ndiyo maana anaona vijiko vyangu viwili vya pauda ni ujanja. Nami nikamweleza kwamba mafini si keki ya sherehe, ni ya kuamkia, ya mtu atakayepanda boti saa moja baadaye. Haihitaji mayai kumi. Akasema mtu wa kupanda boti ale mahamri na mbaazi. Kwa hilo sikuwa na jibu.

Tulichokubaliana ni moto. Yeye anapikia makaa, chini machache, juu ya kifuniko cha bati mengi, kwa sababu moto wa chini ukizidi mkate unaungua kitako kabla ya moyo kuiva. Hiyo kazi ya kupalia anaifanya bila saa wala kipimajoto, kwa mkono anaousogeza juu ya bati. Oveni yangu na nyuzi zake 200 inafanya jambo lile lile, na kwa maoni yangu inalifanya vibaya zaidi, maana yeye anaweza kuhamisha kaa moja kutoka nyuma kwenda mbele na mimi lazima nigeuze trei nzima.

Alitaka kujua nazi yangu naipata wapi. Nikamwambia nanunua, nakuna mwenyewe. Akasema machicha yake, akishakamua tui, yanawaendea kuku; nikiyataka niseme. Nimeyataka. Machicha mafuta yameshatoka, kwa hiyo utamu wake ni mdogo, lakini yakikaangwa makavu mpaka yapate rangi yanatoa mtafuno mzuri ndani ya mafini ya tui. Alipoondoka alichukua mbili za kupelekea wajukuu na akaniagiza Ijumaa nije kwake na mayai yangu, nione mkate unavyoumuliwa. Sikuulizwa kama nina nafasi.

Saa kumi na nusu alasiri

Watoto wametoka chuoni, kusoma Kurani, na juzuu zao. Wawili wanasimama mlangoni bila kusema, wa tatu, mdogo kuliko wote, ndiye msemaji: "Mama, ziko?" Ziko tatu. Mafini hupoa haraka na kesho yake si yule yule, kwa hiyo za jioni haziuzwi, wala bei siijui. Wakubwa wanaouliza nawatajia shilingi hamsini, na hadi sasa wawili wamelipa.

Usiku, baada ya isha

Mume amerudi na vumbi la bandarini, amekula wali wa nazi na samaki, amelala kwenye kiti. Fundi hakuja.

Mimi napima vikavu vya kesho, trei kwa trei, kila kimoja kwenye kopo lake lililobana. Vikavu vinaweza kulala, havina uhasama vikiwa havijaloa. Kesho ni za nazi: tui, machicha ya bibi niliyoyakaanga jioni, magadi hayamo. Maji yatajaa saa mbili na dakika ishirini hivi, njia ya ufuoni haitapitika tena. Nimempigia nahodha simu kumwambia saa moja na robo, jetini, kama leo.

"Sawa, mama," akasema. "Lakini mpishi anasema kesho ni za nazi. Yangu niwekee kando."