Kima punju wa Jozani hawana habari na wewe

Jamani, hatimaye nimefika msitu wa Jozani, Unguja! Nilidhani kima punju ni kama tumbili wale wezi wa ndizi. Wapi! Mmoja alikaa hatua chache tu kutoka niliposimama, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimemsimama utosini kama mzee aliyekurupushwa usingizini, anachuma majani machanga ya mti wa mkungu bila haraka. Nikamtazama mkono: vidole vinne, gumba halionekani.

Matunda mabivu hawali, tumbo lao halipatani na sukari. Ila makaa wanatafuna! Wanayaokota kwenye meko na matanuri, yanawapunguzia sumu ya majani ya miembe na mikungu. Na asili yao ni Unguja tu, dunia nzima.

Kilichoniudhi ni watu kumsogelea mnyama usoni kwa ajili ya selfi, wakati wameambiwa wakae mbali. Ajabu yake, yale matuta barabarani tunayoyalaani tukienda Paje yamewekwa kwa ajili ya kima hawa, magari yalikuwa yanawamaliza.

Kwenye mikoko kuna njia ya mbao, chini kaa wadogo wanakimbizana kwenye matope. Nendeni asubuhi, na mjipake dawa ya mbu.