Ngome Isiyo na Paa

Mwishoni mwa Oktoba 2017 nilikuwa kusini mwa Ufaransa, peke yangu na shanta langu, na nilikuwa nimejiapiza kutoondoka mkoa wa Ariège bila kupanda Montségur, mlima wenye ngome ya kale kileleni. Mvua ilianza Toulouse. Ikanipokea nilipoteremka kwenye treni Foix, ikanisindikiza ndani ya basi hadi Lavelanet, na Lavelanet, mahali ambapo sikupata basi la kuendelea, ikanikuta nimesimama kando ya barabara nikiomba lifti mpaka mzee mmoja mwenye kigari cha mizigo akanihurumia.

"Unapanda juu leo hii?"

"Ndiyo, mzee."

Hakusema tena neno hadi aliponishusha chini ya mlima. Hapo akautazama, au tuseme akatazama mahali ulipopaswa kuwepo, maana ukungu ulikuwa umeumeza kuanzia kiunoni kwenda juu. "Ujue, kijana, kule hakuna paa."

Nilidhani ananitania. Picha zote nilizowahi kuona zilipigwa kutoka mbali, na kwa mbali zile kuta zinaonekana nzima. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshajitengea kona kavu na nimeshabadilisha soksi.

Mwanamke wa kibanda cha tiketi alitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama usoni. Akaniuliza kama soli zina meno. Nikasema zina, ingawa yalikuwa yamebaki mawili matatu ya uzeeni. Njia yenyewe si ndefu; ni mwinuko wa mita 150 hivi. Lakini ni mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na nyayo za watu yakawa kama sabuni, na siku hiyo maji yalikuwa yakiteremka katikati ya njia kama yenye haki zaidi yangu. Nilipanda kwa mikono na miguu, mara mbili kwa magoti. Chupa ya maji niliimaliza nusu ya safari kwa ujinga tu, nikiona ni uzito.

Kilele kiko mita 1,207. Nikapita chini ya lango, nikainua uso, nikapigwa na mvua ileile. Kuta nzuri, nene, na juu yake mbingu. Nilicheka mwenyewe kama mwendawazimu.

Nikajibanza ukutani upande usiopigwa na upepo. Nimelowa chapachapa, natetemeka, na nina kiu! Nikaweka chupa chini ya jiwe lililokuwa likichuruzika, nikasubiri. Nusu saa, robo chupa.

Ni wakati huo ndipo yale niliyokuwa nimeyasoma yalipokuwa na uzito. Mei 1243 jeshi liliuzingira mlima huu, ambao jina lake kwa Kioksitani, lugha ya huko kusini, maana yake ni "mlima salama". Juu walikuwamo wapiganaji na familia zao, pamoja na Wakathari, Wakristo ambao Kanisa Katoliki lilikuwa limewatangaza kuwa wazushi. Walishikilia miezi kama kumi. Kuta nilizoziegemea si zao, zilijengwa baadaye na waliokabidhiwa mlima. Ila mvua ndiyo ileile: huku juu watu waliishi kwa maji waliyoyakinga kwenye birika la kuhifadhia maji. Mimi nilikuwa nikiilaani tangu Toulouse. Wao, nadhani, waliamka usiku kuisikiliza ikijaza, wakahesabu siku.

Waliposalimu amri, wapiganaji waliruhusiwa kwenda zao. Wakathari waliambiwa waikane imani yao. Tarehe 16 Machi 1244 zaidi ya watu 200 waliokataa walichomwa moto chini ya mlima.

Ukungu haukupasuka hata dakika moja. Watu husifu mandhari ya milima ya Pirenei ukiwa pale; mimi nilichoona ni mikono yangu.

Kushuka nilishuka kwa makalio sehemu kubwa ya njia. Chini, kwenye uwanda wa nyasi, kuna nguzo ya jiwe iliyowekwa mwaka 1960 kwa ajili ya wale waliochomwa. Nikasimama mbele yake, nikafungua chupa, nikanywa ile robo. Yalikuwa na ladha ya chokaa na mchanga.

Kisha nikarudi barabarani kuomba lifti. Saa nzima halikupita gari.