Siku moja maishani mwangu: karani wa mahakama ya wilaya

Saa 12 asubuhi niko kituoni nagombea daladala. Saa 1:30 masjala iko wazi, na kabla ya saa 3 majalada ya leo yako mezani kwa hakimu.

Karandinga la magereza limechelewa tena. Kesi zinaahirishwa, na kwa kila anayerudishwa ndani naandaa hati ya mahabusu. Mtu aliye rumande haahirishiwi zaidi ya siku 15, kwa hiyo kalamu haipumziki.

Saa 5 akaingia mzee mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja, nikamateni."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa hadi mikunjo inachanika. Kishoka mmoja pale nje kamwambia ni hati ya kukamatwa, kachukua elfu thelathini "aifute". Niliumia. Juu ya karatasi ile pameandikwa WITO. Mzee alimdhamini mpwa wake, mpwa hakutokea mahakamani, sasa mahakama inamtaka mdhamini aje aeleze kwa nini asilipe fedha aliyoisainia. Hati ya kukamata ilikuwepo kweli, ila ni ya mpwa.

Nikamkalisha. Nikaeleza, nikarudia, nikarudia tena. Foleni inanung'unika, wakili anagonga dirisha, mimi sibanduki. Wito unakuita uje kwa miguu yako. Hati ya kukamata inamwambia askari akulete: ina jina, kosa, sahihi ya hakimu na muhuri wa mahakama, na haifi mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute. Haifutwi getini na mtu yeyote. Hakimu anaweza hata kuandika humo humo kwamba mtuhumiwa akipata wadhamini aachiwe. Akauliza, je, watakuja kupekua nyumba? Nikamwambia hiyo ni hati nyingine kabisa, ya upekuzi, na hutekelezwa kati ya macheo na machweo, labda mahakama iruhusu saa nyingine.

"Kwa hiyo mimi si mhalifu?"

"Hapana, baba. Mtafute mpwa wako aje mwenyewe kwa hakimu, asingoje kuletwa."

Akanyamaza, akaomba maji.

Chakula cha mchana sikukiona. Jioni, macho yanauma, nashika hati ya kumwachia kijana aliyepata dhamana. Kwenye jalada ni Abdallah, kwenye hati ni Abdala. Gereza wakiirudisha, analala ndani usiku mwingine kwa herufi mbili. Nikaandika upya, nikamkimbilia hakimu akiwa ameshafika kwenye gari, akasaini juu ya boneti. Nikarudi mbio nikagonga muhuri. Karandinga lilikuwa limeshawaka. Askari akaipokea dirishani.